Miguu Inapokataa Kutembea: Upasuaji wa Mgongo kwa Watu Wazima wa Kimo Kifupi

Kuanzia Lurambi hadi Ikolomani, Shinyalu hadi Malava, Mumias hadi Butere, wengi wenu mnamjua mtu mmoja au wawili wa kimo kifupi sana. Wengine ni wana vikundi wenzetu. Wanalima, wanauza sokoni, wanashona nguo, wanafundisha shule. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaowapata wengi wao wakiwa watu wazima, na huku vijijini haujulikani sana. Mtu huanza kwa kusema miguu yake ni mizito. Baada ya muda hawezi kufika sokoni bila kupumzika mara nne au tano. Mwishowe anabaki nyumbani. Majirani wanasema, "Si unajua vile aliumbwa?" Basi mambo yanaishia hapo.

Yasiishie hapo. Ugonjwa huu una sababu, na una matibabu. Ukichelewa sana, miguu inaweza kupooza na isirudi tena. Ndiyo maana tumeona tuueleze polepole, ili kikundi kiweze kumsaidia mwenzake mapema, kabla mambo hayajaharibika.

KIMO KIFUPI NI NINI?

Kuna mamia ya sababu zinazofanya mifupa ya mtu isirefuke. Ile inayoonekana zaidi huitwa akondroplasia. Jina hilo lilitolewa na daktari Mfaransa, Jules Parrot, mwaka 1878. Kati ya watoto kama 20,000 hadi 30,000 wanaozaliwa duniani, mmoja huwa nayo. Mtu huyu ana mikono na mapaja mafupi, kichwa kikubwa kiasi, na paji la uso lililojitokeza. Kiwiliwili chake hukaribia urefu wa kawaida. Akili yake ni sawa na ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka 1994 wanasayansi walipata chanzo chake. Ndani ya mwili kuna jeni iitwayo FGFR3. Kazi yake ni kama breki ya baiskeli: huzuia mifupa isikue kupita kiasi. Kwa mtu mwenye akondroplasia breki hiyo imekazwa mno, na mifupa mirefu haipati nafasi ya kukua vizuri.

Sasa sikilizeni jambo hili. Karibu watoto 8 kati ya 10 wenye hali hii huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Mabadiliko ya jeni hutokea yenyewe kabla mtoto hajatungwa mimba. Hakuna aliyelogwa. Mama hakula kitu kibaya wala hakucheka mtu njiani. Hiyo si laana ya ukoo. Mtu mwenye akondroplasia akizaa na mtu wa kimo cha kawaida, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa na kimo kifupi. Ni hesabu ya jeni tu.

Na tusidhani ni jambo geni Afrika. Huko Misri, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, aliishi mtu wa kimo kifupi aliyeitwa Seneb. Alikuwa ofisa mkubwa na tajiri. Sanamu yake, akiwa ameketi na mkewe na watoto wao wawili, ilichimbuliwa karibu na piramidi za Giza miaka ya 1920.

Tafadhali pia tuache majina ya dharau. Watu hawa si "mbilikimo", wala si kitu cha kuchekwa. Muulize mwenyewe angependa aitweje. Mara nyingi atakwambia aitwe kwa jina lake.

KWA NINI MGONGO UNABANA?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, moja juu ya nyingine. Kila pingili ina tundu nyuma yake. Matundu hayo yakipangana yanakuwa mfereji mmoja, kutoka shingoni mpaka karibu na makalio. Ndani ya mfereji huo hupita kamba ya fahamu kutoka kwenye ubongo. Kamba hiyo inaishia karibu na kiuno. Kutoka hapo kwenda chini kuna mishipa mingi ya fahamu iliyoning'inia pamoja, kama nywele za usinga anaoshika mzee. Mishipa hiyo ndiyo inayoendesha miguu, kibofu cha mkojo, na haja kubwa.

Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, mfereji huo sehemu ya kiuno huwa na milimita kama 15 hadi 25 kutoka mbele hadi nyuma. Ukifika chini ya milimita 10, umebana sana. Tena kwa kawaida mfereji hupanuka kadiri unavyoshuka kiunoni. Kwa mwenye akondroplasia ni kinyume: unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka. Sababu ni kwamba nguzo ndogo za mfupa zinazozunguka tundu la kila pingili ni fupi na nene.

Lakini mishipa ya fahamu yenyewe ina ukubwa wa kawaida. Hapo ndipo shida ilipo. Ni kama abiria ishirini ndani ya matatu ya watu kumi na wanne. Gari linaenda, ndiyo, lakini hakuna nafasi hata kidogo ya ziada.

Mtu akiwa kijana anaweza kuishi hivyo bila taabu. Umri ukiongezeka, ile mito laini kati ya pingili inavimba na kusukuma ndani. Kano zinakuwa nene. Viungo vya mgongo vinaota mifupa midogo. Mtu wa kimo cha kawaida akipata mabadiliko hayo anaweza asihisi chochote, maana ana nafasi. Mwenye akondroplasia hana. Kwa hiyo dalili zinaweza kuanza akiwa na miaka 20 au 30 tu, wakati wengine hupata shida kama hiyo wakiwa wazee wa miaka 60. Daktari Mholanzi Henk Verbiest aliueleza ugonjwa huu wa kubanwa kwa mfereji wa kiuno kwa undani mwaka 1954, na tangu hapo madaktari wamezidi kuuelewa.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Miguu inakuwa mizito, inauma, inawaka moto au inakufa ganzi mtu akitembea au akisimama muda mrefu.

2. Akichutama, akikaa au akiinama mbele, anapata nafuu baada ya dakika chache. Kisha anaendelea, na shida inarudi. Kusimama wima tu hakumpi nafuu.

3. Kupanda mlima kunaweza kuwa rahisi kuliko kuteremka. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Mtu akipanda huinama mbele na mfereji unapanuka kidogo. Akiteremka mgongo unajikunja nyuma na mfereji unabana.

4. Anaweza kuendesha baiskeli, au kusukuma wilibaro akiwa ameinama, lakini akiachwa atembee mikono mitupu anashindwa.

5. Anaanza kujikwaa, kiatu kinamtoka bila kujua, au goti linalegea ghafla.

Wengine hudhani ni uvivu. Wanasema, "Mbona akikaa anaongea vizuri na kucheka, lakini akiambiwa aende mtoni anaumwa?" Kwani mmesahau dalili namba mbili? Akikaa, mishipa inapumua. Akitembea, inabanwa. Huyo hadanganyi.

Kuna njia rahisi ya kupima nyumbani. Mwambie atembee kwa mwendo wake wa kawaida barabarani, ahesabu nguzo za stima mpaka atakapolazimika kusimama. Andikeni kwenye daftari: tarehe, idadi ya nguzo, na mguu gani ulianza. Rudieni njia ile ile kila baada ya wiki mbili. Kama mwezi wa kwanza alipita nguzo kumi, na mwezi wa nne anapita tatu, hiyo daftari ni ushahidi mkubwa kwa daktari. Ina nguvu kuliko kusema tu "naumwa miguu".

HATARI: USINGOJE KESHO

Dalili zifuatazo ni za dharura. Mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya siku ya soko, si baada ya matanga:

- Mkojo unakataa kutoka, au unatoka bila yeye kujua.
- Haja kubwa inamtoka bila kujizuia.
- Sehemu za siri na katikati ya mapaja zimekufa ganzi.
- Miguu imelegea ghafla au kwa siku chache tu.

Maana yake ni kwamba mishipa imebanwa kabisa. Hapo kila saa ni ya thamani. Mishipa iliyobanwa sana kwa muda mrefu hufa, na daktari hata awe hodari namna gani hawezi kuifufua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Likumbukeni neno hilo mkifika mlangoni pa hospitali.

KABLA YA KISU

Si kila mtu anayeumwa mgongo anahitaji upasuaji. Na si kila maumivu ya mgongo ya mtu mfupi yanatokana na mfereji kubana. Kifua kikuu kinaweza kushika pingili za mgongo, na huleta kibiongo, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Hicho hutibiwa kwa dawa, na dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali. Kwa hiyo uchunguzi ni lazima.

Kwa mtu mwenye dalili nyepesi, mambo haya husaidia:

- Kupunguza uzito. Mwili mfupi ukibeba kilo nyingi, kiuno kinajikunja zaidi na mfereji unabana zaidi. Apunguze mafuta na sukari, na kipimo cha ugali kipungue, mboga na maharagwe viongezeke.
- Mazoezi ya kukaza tumbo, kama atakavyofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo.
- Kuweka kigoda chini ya miguu anapoketi, miguu isining'inie.
- Kufanya kazi akiwa ameketi pale inapowezekana, na kuacha kubeba mizigo mizito.

Dawa za maumivu zinaweza kusaidia kwa muda, lakini hazipanui mfereji. Kununua vidonge dukani kila siku, miezi kwa miezi, huumiza tumbo na figo. Tena tunasema kwa sauti kubwa: mgongo huu usikanyagwe, usivutwe, wala usipindwe kwa nguvu na mtu wa kukanda. Mfereji wenyewe hauna nafasi. Kuupinda ghafla kunaweza kumpoozesha mtu papo hapo. Kupaka mafuta ya moto na kusugua taratibu hakuna neno.

UPASUAJI WENYEWE

Daktari akiona mtu anazidi kushindwa kutembea, au miguu inapoteza nguvu, anaweza kushauri upasuaji. Kwanza inahitajika picha. Eksirei inaonyesha mifupa, lakini haionyeshi mishipa vizuri. Picha ya MRI ndiyo inayoonyesha mahali mishipa inapobanwa, na kama ni sehemu moja au nyingi. Kwa wenye akondroplasia mara nyingi ni nyingi. Daktari mwangalifu ataangalia pia shingo na sehemu ya kifua, maana mtu anaweza kubanwa juu na chini kwa pamoja. Akifunguliwa chini tu, shida ya juu itabaki.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, tumbo likiwa huru. Daktari hupasua ngozi katikati ya mgongo na kusogeza misuli pembeni. Halafu huondoa ule mfupa wa nyuma wa pingili, ambao ni kama dari la mfereji. Dari likiondoka, mishipa iliyokuwa imebanwa inapata nafasi. Misuli na ngozi hurudishwa na kushonwa, na hiyo inatosha kuifunika mishipa. Kwa mtu wa kimo cha kawaida daktari anaweza kufungua pingili moja au mbili. Kwa mwenye akondroplasia mara nyingi hufungua nyingi, kuanzia mwisho wa kifua hadi chini ya kiuno, na kwa upana zaidi. Akifungua kidogo mno, mfereji unaweza kubana tena juu au chini ya pale alipoishia.

Kama mgongo una kibiongo, au kama pingili zitalegea baada ya kufunguliwa, daktari hufunga pingili kwa skrubu na vyuma ili zishikane. Hiyo ni kazi ndefu na ghali zaidi, na si kila mtu anaihitaji.

Je, kuna hatari? Ndiyo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa zote kabla ya kutia sahihi:

- Utando unaofunika mishipa unaweza kupasuka, na maji ya mgongo kuvuja. Hutokea zaidi kwa wenye akondroplasia, kwa sababu utando umebanwa moja kwa moja kwenye mfupa. Daktari hushona, na mgonjwa anaweza kulazwa bila kuinuka kwa siku kadhaa.
- Kidonda kinaweza kuingia vijidudu.
- Damu inaweza kupotea, au kuganda miguuni.
- Mshipa wa fahamu unaweza kuumizwa, na mguu kuwa dhaifu kuliko awali.
- Baada ya miaka mfereji unaweza kubana tena, na mtu akahitaji kupasuliwa mara ya pili.

Nusukaputi pia inahitaji uangalifu. Shingo ya mtu mwenye akondroplasia isivutwe nyuma kwa nguvu, maana tundu la chini ya kichwa nalo linaweza kuwa jembamba. Wengine hukoroma na kukatika pumzi usiku, na daktari wa nusukaputi lazima aambiwe. Hata ile sindano ya ganzi ya mgongoni ni ngumu kwao. Kwa hiyo mama mjamzito wa kimo kifupi asingoje uchungu. Nyonga yake huwa nyembamba na kwa kawaida hujifungua kwa upasuaji. Aanze kliniki mapema katika hospitali kubwa, awaeleze madaktari habari za mgongo wake.

ATAPONA KIASI GANI?

Hili ndilo swali linalowahangaisha wengi, na lazima lijibiwe bila kupamba. Upasuaji unafanywa ili kuokoa miguu na kibofu. Maumivu ya miguu mara nyingi hupungua, na mtu huweza kutembea mbali zaidi kuliko alivyokuwa. Ganzi na udhaifu hurudi polepole, kwa miezi, na pengine visiishe vyote. Maumivu ya mgongo wenyewe yanaweza kubaki. Urefu hauongezeki hata kidogo.

Jambo moja linaonekana tena na tena: waliopasuliwa mapema, baada ya dalili kuanza na kabla ya miguu kupooza, hupata nafuu zaidi. Aliyekaa nyumbani miaka mitano akitambaa anaweza kupasuliwa vizuri kabisa na bado asitembee. Nguzo mbili au tatu za stima zilizopotea leo zina maana kubwa kwa miaka ijayo.

Wengine wamesikia kuna dawa mpya ya sindano ya kurefusha watoto. Ni kweli, iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021, jina lake vosoritidi. Hutolewa kila siku kwa watoto ambao mifupa yao bado inakua, na bei yake ni kubwa mno. Haimsaidii mtu mzima ambaye mgongo wake umebana tayari.

NJIA YA KUFUATA KUTOKA KIJIJINI

Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Ombeni barua ya rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Kaunti ya Kakamega, ile wengi wetu bado tunaiita "Jenero". Huko mtaonana na daktari wa mifupa. Madaktari wa kupasua mgongo ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kutumwa Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa kule Eldoret, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi. Ziko pia hospitali za makanisa zenye madaktari wa upasuaji huu, kama ya Kijabe.

Mkienda, bebeni daftari la nguzo, picha zote za zamani, orodha ya dawa anazomeza, na mtu mmoja wa kusikiliza pamoja na mgonjwa. Mgonjwa akiwa na hofu hukumbuka nusu tu ya alichoambiwa. Ulizeni daktari maswali haya: Mfereji umebana sehemu ngapi? Utafungua zote? Kutahitajika vyuma? Umewahi kumpasua mtu wa kimo kama hiki? Tukingoja miezi sita, kutatokea nini? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali.

Kuhusu pesa, bima ya zamani ya NHIF iliondoka, na tangu Oktoba 2024 mahali pake ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yake kisha hupangiwa kiasi, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa kwa mwaka mzima. Hapa ndipo wengi wa vijijini hukwama, maana pesa za mwaka mzima hazipatikani kwa siku moja. Kabla ya tarehe ya upasuaji kufika, nendeni ofisi ya bima hapo hospitalini mkaulize italipa kiasi gani na ninyi mtabaki na kiasi gani. Msingoje kuulizwa siku ya kutoka wodini.

Pia mtu wa kimo kifupi ana haki ya kuomba kuandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Hospitali ya serikali humpima na kujaza fomu. Kadi hiyo hufungua milango ya misaada kadhaa, kama vile vifaa vya kutembelea. Na kipo chama cha watu wa kimo kifupi nchini, Short Stature Society of Kenya. Kuzungumza na mtu aliyepitia njia hiyo hutuliza moyo kuliko maneno yetu yote.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Tumezoea harambee. Mtu akiugua sana tunaandika kadi, tunaalika watu, tunachanga siku moja, tunapiga picha. Si vibaya. Lakini kwa ugonjwa huu, harambee ya siku moja mara nyingi huja wakati miguu imeshapooza. Afadhali mambo madogo yanayoanza mapema:

Kwanza, wekeni mfuko wa bima. Mkiwa wana kikundi ishirini wa kuchangia kidogo kila wiki kwenye meri-go-raundi, mnaweza kulipa bima ya mwaka ya mwenzenu mmoja, kisha mwingine, mpaka wote wawe ndani.

Pili, pangeni safari. Picha ya MRI, kuonana na daktari, kulazwa, kurudi kutolewa nyuzi: hizo ni safari nyingi. Nauli humshinda mtu kuliko hata bili ya kwanza. Bodaboda pia si nzuri kwa mgongo uliotoka kupasuliwa. Tafuteni gari.

Tatu, shikeni shamba lake. Baada ya upasuaji daktari humkataza kuinama, kulima na kubeba kwa majuma mengi. Kama ni msimu wa kupanda mahindi na hakuna wa kumpandia, atashika jembe kwa siri, na kazi yote ya daktari itaharibika. Andikeni zamu: nani atapalilia, nani atachota maji, nani atakamua ng'ombe.

Nne, rekebisheni nyumba kabla hajarudi. Kitanda kisiwe cha juu sana. Chooni pawe na kiti imara na mti wa kushika ukutani. Mtungi wa maji uwe mahali anapofikia bila kupanda kitu. Fundi wa kijijini anaweza kuyafanya hayo kwa siku mbili.

Tano, waangalieni watoto. Mtoto mwenye akondroplasia asiketishwe peke yake mapema, wala asibebwe mgongo umejikunja kama upinde, mpaka misuli ya mgongo iwe na nguvu. Kukaa hivyo huleta kibiongo, na kibiongo huja kumbana akiwa mtu mzima. Mama aulize kliniki namna ya kumbeba akiwa ameshikiliwa mgongo wote. Na mtoto akikatika pumzi usingizini au akiwa mlegevu sana, apelekwe hospitali haraka.

Sita, mwacheni mwenyewe aamue. Mgongo ni wake. Wazee wa ukoo wanaweza kushauri, kikundi kinaweza kuchanga, lakini anayetia sahihi ni yeye. Wako watakaosema, "Nimeogopa kisu, nitaendelea hivi." Akiwa ameelezwa hatari za kupasuliwa na hatari za kukaa, muheshimuni, muendelee kuhesabu nguzo pamoja naye. Akibadilisha nia, mtakuwa tayari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu kuna nani wa kimo kifupi? Tuliwahi kumuuliza miguu yake ikoje, au tulidhani tunajua?

2. Kuna mtu, mrefu au mfupi, ambaye ameacha kuja sokoni au mikutanoni kwa sababu ya miguu? Ni nani atamtembelea wiki hii?

3. Wangapi kati yetu bima yao ya afya imelipwa mwaka huu? Tufanye nini kwa waliobaki?

4. Mtu akishindwa kukojoa saa sita usiku, gari la kumfikisha hospitali tutalipata wapi? Namba ya simu ya dereva iko kwa nani?

Swali hili la nne lisiachwe bila jibu. Andikeni jina la dereva na namba yake ukurasa wa mbele wa daftari la kikundi, mahali ambapo hata mtoto aliyetumwa usiku anaweza kuiona.